"Soko limeshuka": soko lipi, kwa kipimo kipi?

Mhariri,

Ukurasa wenu wa biashara umezoea kutuambia kwamba "soko la hisa limeshuka", kisha chini yake mkaweka nambari moja tupu. Soko la Hisa la Uganda, USE, lina viashiria viwili, yaani nambari zinazopima mwenendo wa bei za hisa: ALSI, cha kampuni zote zilizoorodheshwa, na LCI, cha kampuni za ndani peke yake. Msomaji asipoambiwa anasomewa kipi, nambari hiyo haimsaidii kitu.

ALSI hubeba pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa na Nairobi kwa pamoja, kama KCB, Equity, EABL, Jubilee na Kenya Airways. Biashara ya hisa hizo karibu yote hufanyika Nairobi. Bei ikishuka kule, ALSI inashuka huku. Tena thamani ya hisa hizo hugeuzwa kuwa shilingi za Uganda, kwa hiyo shilingi ya Kenya ikidhoofika, kiashiria huteremka hata kama Nairobi bei hazikusogea. Siku kama hiyo kampuni za ndani kama MTN, Stanbic na DFCU hazina hatia yoyote, ila kichwa chenu cha habari kimeshazihukumu.

Hesabu yenyewe ya kiashiria si ngumu: jumla ya thamani ya kampuni hugawanywa kwa nambari moja, kigawanyo. Chukua kampuni mbili za kubuni. Ya kwanza ina hisa bilioni 10 za shilingi 200, thamani trilioni 2. Ya pili ina hisa bilioni 1 za shilingi 500, thamani bilioni 500. Jumla ni trilioni 2.5. Ukigawa kwa bilioni 25, ambacho ndicho kigawanyo tulichojichagulia, unapata pointi 100. Sasa kampuni kubwa ishuke kwa asilimia 10 na ndogo ipande kwa asilimia 20. Jumla inakuwa trilioni 2.4, kiashiria pointi 96. Aliyeshika hisa za kampuni ndogo amechuma vizuri, na gazeti linaandika soko limeshuka.

Penye makosa mengi ni kwenye kigawanyo. Kampuni mpya ya trilioni 4 ikiingia, jumla inafika trilioni 6.4. Ukiendelea kugawa kwa bilioni 25 utapata pointi 256, faida ambayo hakuna mwekezaji aliyeiona. Kwa hiyo kigawanyo hupandishwa hadi takriban bilioni 66.7, na kiashiria kinabaki 96 palepale. Airtel Uganda ilipoorodheshwa Novemba 2023 ikiwa na hisa bilioni 40 zilizouzwa kwa shilingi 100, thamani ya soko zima iliongezeka kwa trilioni 4 kwa siku moja. Hilo ni ongezeko la ukubwa wa soko, si la kiashiria, na mwandishi anayeyachanganya hayo mawili anampotosha mnunuzi wa hisa.

Kuna jambo jingine hapohapo. Airtel ilitoa asilimia 20 ya hisa zake kwa umma, na zaidi kidogo ya nusu ya hizo ndizo zilizonunuliwa. Ukihesabu hisa zote, bei ikipanda kwa shilingi moja thamani huongezeka kwa bilioni 40. Ukihesabu zile tu zilizofika mikononi mwa umma wakati ule, ni takriban bilioni 4.4. S&P 500, kiashiria cha kampuni kubwa za Marekani, hufuata njia hii ya pili, ndiyo maana hisa zilizofungiwa mikononi mwa wamiliki wakuu hazikivuti kiashiria hicho. Dow Jones, kiashiria kingine cha Marekani chenye kampuni 30, hakitazami ukubwa kabisa: hupima kwa bei ya hisa moja ya kila kampuni. Apple ilipogawa kila hisa yake kuwa nne mwaka 2020, uzito wake humo ulipungua hadi takriban robo ya ulivyokuwa bila kampuni kupoteza hata senti. Kipimo cha ajabu, lakini kila redio inakisoma!

Kuhusu Kampala, msisahau ukimya. Hisa isiyouzwa wiki nzima hubaki na bei ya mara ya mwisho, na kiashiria kikitulia huenda ni kwa sababu hakuna aliyenunua. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, nalo halimo katika viashiria vya bei, ingawa kwa wengi wanaoshika hisa za benki ndilo wanalolisubiri.

Tunaomba mchapishe ALSI na LCI katika safu mbili, kila moja na badiliko lake kwa asilimia, pamoja na thamani ya mauzo ya siku hiyo. Nafasi yake haizidi tangazo dogo la kuuza kiwanja.

Msomaji wenu,
Ntinda, Kampala