YAH: MAFUNZO YENU YA GLAKOMA "NGAZI YA JUU" NILIYOLIPIA LAKI TISA NA NUSU

Kwa Meneja wa Mafunzo,

Habari za kazi. Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani kupima macho na uonaji, niko Dodoma, na mwezi uliopita nilihudhuria yale mafunzo yenu ya siku tatu Dar mliyoyatangaza kwamba ni ya ngazi ya juu ya kugundua na kusimamia glakoma, ule ugonjwa unaokula neva ya jicho kimya kimya hadi upofu. Nimeshapiga simu mara nne. Mara ya kwanza dada aliyepokea akasema "tunalifanyia kazi", ya pili akasema hivyo hivyo, ya tatu ikaita mpaka ikakata, ya nne nikaambiwa niandike. Haya ndo naandika, na mtanisamehe itakuwa ndefu.

Hela nitaisema haraka. Ada 950,000, nauli ya SGR kwenda na kurudi, gesti Sinza usiku nne, na chumba changu cha kupimia kikafungwa siku nne nzima maana niko peke yangu hapo. Risiti zote ninazo.

Sasa kilichonileta. Kuna mzee mmoja dereva wa lori alikuja kwangu anataka miwani ya kusomea tu, nikampima presha ya macho, yaani msukumo wa maji ndani ya jicho, nikapata 19 kulia na 18 kushoto, namba za kawaida, watu wengi wangeishia hapo wakamuuzia miwani akaenda zake. Nilipoangalia neva ya jicho kwa sliti lampu, ile darubini yenye mwanga, jicho la kulia kapu, yaani shimo la katikati ya neva, imeliwa hadi 0.8 ya upana wa neva, kushoto 0.5. Nikamwambia mzee hili jicho linahitaji vipimo zaidi, akanijibu "mwanangu, mimi nimekuja kusoma gazeti wewe unaniambia habari za upofu". Nikamwandikia rufaa. Lakini kwenye ile karatasi ya rufaa kuna sehemu ya kuandika pembe ya jicho, pale maji ya ndani yanapotokea nje, iko wazi au imefunga, nikaiacha tupu, kwa sababu gonioskopi, kuangalia hiyo pembe kwa lensi maalum, nilifundishwa chuoni nikiwa nasimama mtu wa sita nyuma ya mwalimu na tangu hapo sijawahi kuifanya kwa mkono wangu hadi nikaamini ninachokiona. Niliona aibu kweli. Kusema mtu ana glakoma bila kuangalia pembe ni kama fundi anayekwambia sinki imeziba bila kuinama kuangalia huko chini.

Tangazo lenu lilisema, nanukuu maana nimelitunza kwenye simu, "kila mshiriki atafanya gonioskopi kwa vitendo". Kilichotokea ni hivi: tulikuwa watu 31, lensi ya gonio moja, sliti lampu mbili na moja taa yake inazimika zimika. Wa kumchunguza alikuwa kijana wenu wa mapokezi, Mungu ambariki, jicho lilikuwa jekundu kabla hata ya saa sita na watu wanaendelea kumdondoshea dawa ya ganzi. Mimi nilipata kama dakika moja na nusu. Nikaona iris, nikaona utepe wa kahawia, nikamuuliza mwalimu huu ni ule wavu wa kuchujia maji au ni mstari wa Schwalbe, ule ulio juu yake, wenye rangi, maana kwenye macho yetu meusi rangi inamwagika hadi pale juu na mtu anaweza kudhani pembe iko wazi kumbe anaangalia sehemu siyo, akaniambia "utazoea", afu akaita anayefuata.

Nitazoea wapi? Ndo nilikuja kuzoea hapo!

Siku ya pili mlituletea mtu wa mashine za OCT, zile zinazopiga picha na kupima unene wa neva ya jicho. Sina shida na OCT, ni mashine nzuri, ila yule kaka alikuja kuuza, alitaja bei mara nyingi kuliko alivyotaja neva. Na zile nakala mlizotugawia tujifunze kusoma majibu mmezitoa fotokopi nyeusi na nyeupe. Jamani. Majibu ya OCT yanasomwa kwa rangi, kijani iko ndani ya kawaida, njano mpakani, nyekundu nje ya kawaida, sasa kwenye fotokopi yenu zote ni kijivu, tukawa tunabahatisha kama watu wanaochagua maembe gizani. Dada mmoja kutoka Mbeya akauliza swali zuri sana, kwamba mtu mwenye miwani kali ya minasi (asiyeona mbali) OCT inaweza kumpaka nyekundu na hana glakoma, tunamtofautishaje? Jibu likawa "wasiliana na timu yetu ya mauzo".

Siku ya tatu ndo iliyonifanya niandike hii barua. Aliingia mtu wa kampuni ya dawa akapewa masaa mawili. Mtu akamuuliza kuhusu timolol, yale matone ya kushusha presha ya jicho, kwa mgonjwa wa pumu, akajibu mbele ya watu 31 kwamba matone ni ya jichoni tu hayafiki kwenye mapafu. Na mwalimu wenu amekaa pembeni anachezea simu! Hiyo siyo makosa ya kuchapa, hiyo inaua. Tone linashuka kwenye tundu la machozi linaingia puani na kutoka hapo liko kwenye damu, halipiti hata kwenye ini kwanza, ndo maana timolol inaweza kumbana pumzi mwenye pumu na kumpunguzia mapigo mwenye moyo wa taratibu, na ndo maana tunawafundisha wagonjwa wafumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani karibu na pua dakika mbili hivi. Mimi nilinyoosha mkono nikasema, nikaambiwa muda umeisha, chai iko tayari. Kuna vijana mle ndani wamemaliza chuo mwaka jana, wameandika lile jibu kwenye daftari. Nani atawafuata kuwaambia walifute?

Halafu mtihani. Swali la 7, mgonjwa ana presha 17 macho yote, kapu ya kulia 0.8 na ya kushoto 0.5, nini kinafuata. Nikachagua fildi (kipimo cha upana wa kuona), gonio, unene wa konea (kile kioo cha mbele ya jicho), na rufaa. Mkanikosesha. Jibu lenu "sahihi" ni arudi baada ya mwaka kwa sababu presha ni ya kawaida. Yaani yule mzee wangu wa lori mmemweka kwenye mtihani na mmemrudisha nyumbani akapofuke. Glakoma ya presha ya kawaida ipo, konea ikiwa nyembamba tonometa ya kupimia presha inasoma chini kuliko hali halisi, presha yenyewe inapanda na kushuka ndani ya siku moja, na tofauti ya kapu kati ya jicho na jicho peke yake inatosha kukushtua. Hata huo mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, mlioukopi kwenye slaidi zenu zote, ile presha ya 24 kwenda juu ya kupeleka rufaa, haukuishia kwenye presha, unasema neva ikionekana imeharibika unapeleka hata kama presha iko chini. Mmekopi nusu ukurasa.

Na kwa nini kila mfano uwe wa Uingereza? Sikatai kujifunza kwao, wenzetu kule mafunzo ya glakoma kwa watu wa optometria yana ngazi, na ukifika za juu unakaa kliniki ya hospitali na wagonjwa halisi chini ya msimamizi, hukai ukumbini. Hicho ndo mngekopi. Ila sisi tunakaa juu ya ushahidi wetu wenyewe. Utafiti wa Kongwa, hapa hapa mkoani kwangu, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa zaidi kidogo ya asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Na ule wa hospitali ya KCMC Moshi uliotoka kwenye jarida la Lancet Global Health 2021, waliolinganisha leza ya SLT, inayosaidia maji kutoka jichoni, na matone ya timolol kwa wagonjwa wetu wa Kitanzania, baada ya mwaka leza ikafanikiwa asilimia 61 ya macho na timolol 31. Thelathini na moja tu, na hao walikuwa kwenye utafiti wanafuatiliwa! Sasa fikiria mtu wa kijijini ambaye chupa ikiisha anasubiri avune. Hilo ndo lingetusaidia kujua cha kumwambia mgonjwa siku unapompa rufaa, kwamba kuna njia nyingine zaidi ya matone ya maisha. Halikupata hata slaidi moja, mmetuonyesha mgonjwa wa London anayerudi kliniki kila baada ya miezi minne na barua inamfuata nyumbani.

Kwa haki niseme mwalimu wa fildi alikuwa mzuri. Yule mama alitufundisha kwamba fildi ya kwanza ya mgonjwa usiiamini haraka, mtu anakuwa bado anajifunza kubonyeza, rudia, na uangalie mara ngapi amebonyeza bila kuona taa. Lisaa limoja hilo ndo nililotoka nalo. Mlipeni vizuri.

Ninachotaka ni hivi. Moja, mtume ujumbe kwa washiriki wote 31 kusahihisha habari ya timolol na pumu, na hii naomba ifanyike wiki hii hata kama mengine mtayapuuza. Swali la 7 lirekebishwe na maksi zetu pia. Halafu mnipe siku mbili za gonio za ukweli, watu wasiozidi sita kwa lensi moja, kwenye kliniki yenye wagonjwa wa glakoma, siyo kijana wa mapokezi. Mkishindwa nirudishieni nusu ya ada, 475,000, nitanunua lensi yangu nimtafute daktari wa macho atakayekubali nikae naye kliniki Jumamosi. Nawapa siku 14. Zikipita napeleka nakala ya hii barua kwenye Baraza linalosimamia taaluma yetu maana mlitumia pointi za CPD, zile za kujiendeleza kitaaluma, kutuvutia.

La mwisho ni cheti. Mmeniandika "fundi miwani". Sina ugomvi na mafundi miwani, wawili ni rafiki zangu wa karibu, ila mimi siyo, na jina la baba yangu pia mmelikosea. Nimekirudisha kwa basi jana jioni, kipo ofisi ya mizigo pale stendi ya Magufuli, mzigo haujalipiwa, mkienda kuuchukua ni shilingi elfu tano.

Wenu,
Mshiriki namba 22, Dodoma