Mchanga wenu uko sebuleni kwangu

Kilosa, Aprili

Ndugu yangu Yohana,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Sisi wazima, ila godoro bado liko juu ya bati linakauka na kuku wamebaki wanne. Ujumbe wako ulinikuta nakomba tope sebuleni, nikacheka peke yangu pale ulipouliza, "Hivi huko kwenu mvua haina adabu?"

Bwana wee, mvua ya huku haina kosa. Usiku ule maji yalipoingia ndani anga lilikuwa jeupe, nyota unazihesabu. Tulilala tukijua mto umetulia. Alfajiri ndipo nikasikia ule mngurumo, unaujua, kama treni ya mizigo inateremka bila breki. Nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji.

Mvua ilinyesha kwenu huko juu, Yohana. Mto wenu huo wa Kinyasungwe, ambao kiangazi mnachimba visima katikati yake mkitafuta maji ya kunywa, ukishuka unatumaliza sisi. Ukifika huku tunauita Mkondoa, lakini maji ni yale yale. Na siyo maji peke yake. Unakumbuka 2010, tulipokuwa vibarua wa kufukua mchanga relini kule Godegode? Msimamizi anataka mataruma yaonekane kabla jua halijazama, mvua ikipiga tu, asubuhi tunaanza upya. Tulikuwa tunalipwa kwa siku, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mchanga ule unatoka wapi wala unakwenda wapi. Mimi jibu nimelipata kwa koleo, ndani ya nyumba yangu.

Ngoja nikueleze ninavyoiona. Kutoka Kidete mpaka Munisagara bonde ni jembamba na lina mteremko, kwa hiyo maji yanabeba kila kitu: mchanga, mawe, magogo. Yakishatoka milimani, hapa Kilosa nchi imelala kama mkeka. Mwendo unapungua, na mzigo yanautua. Kila masika yanatua kidogo. Utotoni kwangu, kuteka maji mtoni ilikuwa lazima ushuke vidato tulivyochonga ukingoni. Leo mbuzi anashuka na kupanda bila hata kuruka. Mto umejazwa mchanga mpaka hauna tumbo tena, ukipata mvua ya siku mbili unatapika.

Halafu kuna lile tuta la enzi ya mkoloni kando ya mto. Tumekua tukiliamini kama msikiti. Lakini nimelitazama sana mwaka huu, na nakwambia tuta nalo lina hila yake. Linazuia maji yasitoke, sawa, ila linazuia pia mchanga usitawanyike mashambani, basi mchanga unabaki humo humo na mto unapanda mwaka hadi mwaka. Mwisho wake mto unakaa juu, watu wanakaa chini. Na sisi hatukulihurumia. Ng'ombe wamelikata njia, mtu amepanda muhogo mgongoni mwake, panya buku wamelitoboa. Mwishoni mwa Desemba 2009 lilipoachia, maelfu ya watu tukaenda kuishi kwenye mahema. Juu huko Bwawa la Kidete, lililokuwa linayashika maji kidogo kabla hayajatufikia, nalo lilikuwa limeshabomoka.

Mjerumani alipojenga reli miaka ile kabla ya vita vya kwanza aliipitisha bonde lile lile la mto kwa kuwa treni haipendi mlima, na mto unamdai mpaka leo. Hawa wa reli ya umeme wao wametoboa mahandaki. Inapita juu inang'aa, watoto wanaipungia mikono wakiwa wamesimama kwenye tope.

Usinielewe vibaya, sikulaumu. Najua vilima vya huko vimebaki mifupa, mifugo mingi, miti imekwenda na mkaa. Lakini pia najua si laana isiyotibika. Uliwahi kunisimulia habari za Kondoa (si Mkondoa, usianze utani wako), jinsi mradi wa HADO, ule wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulivyoanza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye vile vilima vilivyoliwa na makorongo. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia, ng'ombe ni benki. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikarudi. Sisemi waje wawafukuzie ng'ombe. Nasema tu kwamba kila mafuriko tunaletewa mahindi na mablanketi hapa chini, wakati ugonjwa uko juu, na sijaona mtu akipelekewa miche kwenu Gulwe kwa sababu nyumba yangu imezama Kilosa.

Na mimi mikono yangu si safi. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema tusilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Pale ukingoni palikuwa na matete mazito, baba hakuyagusa maisha yake yote. Miaka mitano iliyopita niliyafyeka nikaweka mahindi, maana udongo wake ni mweusi, unataka kuuweka kwenye sahani uule. Nilivuna vizuri misimu miwili. Safari hii mto umepita hapo hapo nilipoufungulia mlango, robo eka imekwenda na ukingo wake. Mke wangu hajasema neno. Anapatazama tu.

Unauliza kwa nini hatuhami. Tulipewa viwanja mlimani, wengine walijenga. Lakini shamba liko huku, na udongo huu unaotuzamisha ndio huo huo unaotulisha. Nimelala huko juu wiki tatu, asubuhi natembea saa nzima kufika jembeni. Nikarudi.

Sasa nina ombi moja, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Maji yakipita kwenu yanachukua saa kadhaa kunifikia. Wewe kibanda chako kiko hatua chache kutoka korongoni. Ukiona Kinyasungwe umeshuka kwa nguvu, hata iwe saa nane za usiku, nibipu mara tatu. Usihangaike kuweka vocha. Nitaamsha watoto, nitapandisha mahindi darini, nitawagongea na majirani.

Namba ni ile ile. Simu silali nayo mbali.

Wako,
Salehe