Msitusimulie nusu ya habari ya Bobby Liebling

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nijibu makala ya burudani mliyoichapa hivi karibuni kuhusu dokumentari iitwayo Last Days Here, inayomhusu mwanamuziki wa rock wa Marekani, Bobby Liebling. Mwandishi wenu ameisifu filamu hiyo, na kwa hilo sina ugomvi naye, kwa kuwa imetengenezwa kwa uvumilivu mkubwa na ilistahili tuzo ya dokumentari bora ya muziki iliyopewa mjini Amsterdam mwaka 2011. Ugomvi wangu unahusu hitimisho lake, kwamba hapa tunaye mzee aliyekwisha kuzikwa na dawa za kulevya, akafufuliwa na mapenzi na muziki, na kwamba vijana wetu walionaswa na unga waonyeshwe filamu hii wapate matumaini. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ilikwisha kutangazwa miaka mingi kabla makala yenu haijaandikwa, na inabadilisha maana ya karibu kila kitu tunachokiona katika nusu ya kwanza.

Kwa wasomaji wasiomfahamu, Liebling alizaliwa mwaka 1953, na mwaka 1971 alikuwa mmoja wa walioanzisha bendi ya Pentagram huko Virginia. Walipiga rock nzito ya mwendo wa polepole, wa jamii ya bendi ya Black Sabbath ya Uingereza, na waliowasikia enzi hizo wanaapa kwamba wangefika mbali. Hawakufika. Vigogo wa kundi la Kiss walikuja kuwasikiliza wakifanya mazoezi wakaondoka bila kutoa ahadi, kikao cha kurekodi na maprodyuza wa bendi ya Blue Öyster Cult kikavunjika kwa mabishano, na albamu yao ya kwanza haikutoka hadi mwaka 1985, miaka 14 baada ya bendi kuzaliwa. Mashabiki hupenda kusema kwamba bahati ilimkimbia Bobby. Masimulizi ya wenzake yanaonyesha kwamba mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyeifukuza.

Watengenezaji wa filamu, Don Argott na Demian Fenton, walimkuta akiwa na miaka 50 na ushei, ingawa asiyejua angemkadiria 80. Anaishi katika chumba cha chini kabisa cha nyumba ya wazazi wake huko Germantown, Maryland, amekaa kwenye kochi, anavuta krak mbele ya kamera bila hata kugeuka pembeni. Heroini nayo imo katika historia yake kwa miongo kadhaa. Mikono imefungwa bandeji, kwa sababu anaamini kuna wadudu wanaoishi chini ya ngozi yake, naye amejikwaruza na kujichokonoa hadi vidonda vimekuwa mashimo. Anaonyesha vidonda hivyo kwa utulivu wa mtu anayemweleza fundi bomba linapovujia. Wanaowahudumia waraibu wanaifahamu hali hii vizuri: kokeini, ambayo krak ni namna yake ya kuvutwa, ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kumfanya mtu ahisi vitu vikimtambaa mwilini, na hakuna maneno yatakayomshawishi kwamba havipo. Watengenezaji wangeweza kukwepa sehemu hii kwa kuhofia kuwachukiza watazamaji. Hawakukwepa, nami nawapongeza.

Mimi, hata hivyo, sikuweza kuyatoa macho yangu kwa wale wazee wawili wanaoishi ghorofa ya juu. Baba aliwahi kushika cheo kikubwa katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ni mtu aliyezoea mambo kwenda kwa taratibu. Mama ni mwanamke mwenye adabu za zamani, anayemzungumzia mwanawe kwa upendo ambao haujui uelekee wapi. Nyumba ni safi, ina picha ukutani na fanicha za watu waliofanya kazi maisha yao yote, na chini ya sakafu ileile ndiko kuna chumba nilichokieleza. Wamemlisha, wamemtibu, wamemgharimia, wamemfunika, na wote wawili wanajua kwamba sehemu ya wema huo inaishia kwenye moshi.

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Tanga hadi nilipostaafu, na wazazi wa namna hiyo nimekaa nao sana, wengi wao wakiwa hawana hata robo ya uwezo wa wazee hao wa Maryland. Nimemwona mama anayelala na funguo za kabati zimefungwa kwenye pindo la kanga, na vyombo vyake vya maana amevihifadhi kwa jirani. Nimemsikiliza baba aliyekuwa akimpa mwanawe pesa ya kete kila asubuhi, mkono ukimtetemeka, kwa kuwa asipompa kijana ataamka na arosto, ataingia mtaani kuiba, na akikamatwa na watu wenye hasira hatafika kituo cha polisi akiwa hai. Huyu baba majirani walimwita mjinga. Aliyewahi kuona maiti ya mwizi aliyechomwa kwa tairi hawezi kumwita hivyo kwa wepesi. Ukimtoa nje teja wako, anakufa barabarani. Ukimweka ndani, unga unaliwa kwa fedha yako, na sijawahi kukutana na mtaalamu mwenye jibu la swali hilo linaloifaa kila nyumba. Filamu hii inawaonyesha wazazi wakiwa ndani ya swali lenyewe, bila kuwahukumu, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo. Katika makala yenu wazazi hao wametajwa kwa sentensi moja, tena kama wenye nyumba tu.

Sasa tuje kwenye huo ufufuo. Anayeuongoza ni Sean Pelletier, maarufu kwa jina la Pellet, shabiki aliyejitwika kazi ya umeneja, ambaye subira yake inashangaza. Anampigia simu, anamfuata, anamsaka mtu wa kurekodi naye, anasamehe ahadi zilizovunjwa hadi mtazamaji anachoka kwa niaba yake. Kisha anaingia binti wa rika la kuweza kuwa mwana wa Bobby. Wanapendana, wanagombana vibaya, wanatengana, wanarudiana. Mwaka 2009 mzee anapanda jukwaani New York, katika ukumbi wa Webster Hall, nywele nyeupe zikiwa zimesimama pande zote, macho yamemtoka, na sauti ambayo hakuna aliyetegemea kwamba bado ipo inatoka. Watu wanalia. Filamu inafungwa na ndoa na mtoto.

Nami nilifurahi, sikatai. Lakini tazama uzito wote umewekwa wapi: kwa shabiki, kwa mke, kwa makofi ya ukumbini. Pellet alimpenda Bobby kwa dhati, ila alimpenda pia kwa ajili ya sauti iliyorekodiwa kabla yeye hajaujua uraibu wa mwenye sauti hiyo, na mtu anayesubiri sauti irudi ni rahisi kwake kuamini kwamba sauti ikirudi, mwenyewe naye amerudi. Kwa mtu aliyezoea heroini kuna methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto na hamu ya heroini, ambayo hapa kwetu ilianza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, mwaka uleule wa filamu hii. Mgonjwa anafika kila siku, anapewa kipimo chake kwenye kikombe, anakinywa mbele ya mhudumu, anaondoka, na kesho anarudi, kwa miezi na pengine kwa miaka. Kwa krak hata dawa ya namna hiyo hakuna. Kilichopo ni ushauri nasaha, kufuatiliwa kwa muda mrefu, na kutengana na watu na mahali palipozoeleka. Hayo yote hayavutii kwenye skrini. Hakuna mwongozaji atakayepata tuzo kwa kutuonyesha watu wakipanga foleni ya methadoni siku mia tatu mfululizo, ilhali mara nyingi kupona kwenyewe kunafanana na foleni hiyo.

Mwaka 2017 Bobby Liebling alikamatwa Maryland kwa kumshambulia mama yake mzazi, yule yule tunayemwona katika filamu, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka 80. Alikiri kosa la kumdhuru mtu mzima asiyeweza kujilinda, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Bendi yake ilikuwa na maonyesho Ulaya, ikayafanya bila yeye. Haya yalitangazwa wazi, na magazeti ya muziki ya kule yaliyaandika kwa kirefu.

Siwalaumu Argott na Fenton, ambao walikwisha kuifunga kazi yao miaka sita kabla. Waliandika walichokiona hadi siku waliyozima kamera. Lakini mwandishi anayeieleza filamu hiyo leo, kwa wasomaji ambao huenda ndiyo mara yao ya kwanza kulisikia jina la Liebling, hana udhuru huo. Ukishajua ya mwaka 2017, huwezi tena kuutazama uso wa mama yule katika filamu kwa macho uliyoutazama nayo mwanzo. Subira yake, ambayo makala yenu imeipita kama jambo la kawaida, inaonekana kwa gharama yake kamili.

Najua nitajibiwa kwamba mraibu anahitaji matumaini, na kwamba mimi nataka kumzimia taa. Nimelisikia hilo hata kazini, kutoka kwa watu wema kabisa. Naomba niseme nilichojifunza. Kijana anayeambiwa kwamba kupona ni tukio, kwamba siku moja utasimama mbele ya watu, utashangiliwa na mambo yatakuwa yamekwisha, anaporudi kwenye unga, na wengi hurudi walau mara moja, hujiona yeye ndiye pekee aliyeshindwa mtihani ambao wenzake walifaulu. Anajificha. Hamwambii mshauri wake wala mama yake. Na huko mafichoni anatumia kipimo kilekile alichokuwa akikitumia kabla ya kuacha, wakati mwili wake umekwisha kupoteza uzoefu wa kukihimili. Hapo ndipo vifo vingi vya heroini hutokea. Matumaini yanayomfaa kijana huyo ni ya kumwambia mapema kwamba kurudi nyuma kunatokea, na kwamba siku kukitokea, mlango wa kliniki hautafungwa.

Waandishi wetu wana mazoea haya hata kwa watu wa nyumbani. Mwaka 2012, mwimbaji Rehema Chalamila, tuliyemjua sote kama Ray C, aliposaidiwa matibabu ya uraibu na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, na kwenda Ikulu kumshukuru, picha zilienea kila mahali na kila mtu akaandika kwamba amepona. Lilikuwa tendo zuri la Rais, na ujasiri wa mwimbaji kuzungumza hadharani uliwasaidia wengi waliokuwa wakiona haya. Yaliyofuata katika maisha yake ni yake, sitayachambua hapa. Nakumbuka tu jinsi kurasa za burudani zilivyokuwa na nafasi tele kwa ajili ya siku ya kuanguka na siku ya kuinuka, na jinsi zilivyokosa hata safu moja kwa ajili ya siku za katikati, ambazo kwa mgonjwa wa aina hii ndizo nyingi zaidi.

Liebling mwenyewe bado yupo jukwaani. Mapema mwaka 2025 Pentagram walitoa albamu mpya, na muda si mrefu kipande cha video kinachomwonyesha akiyatoa macho mbele ya mashabiki kikaenea mitandaoni, hata vijana wa hapa ambao hawajawahi kusikia wimbo wake hata mmoja wakakitumia kutaniana kwenye simu. Sina hakika kama nifurahi au nisikitike. Mzee aliyevuka miaka 70 anayefanya kazi yake ni bora kuliko mzee aliyelala kwenye kochi la chumba cha chini, na huenda safari hii hali yake ni njema kweli. Siwezi kulisema hilo kwa kumtazama jukwaani, na mwandishi wenu naye hakuweza kulisema kwa kutazama dakika za mwisho za filamu.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, mchape nyongeza ya makala ile, hata kama ni ya aya moja, inayoeleza kilichotokea mwaka 2017 na kumtaja mama huyo kama mtu aliyedhuriwa. La pili ni kwa wenzangu wanaoendesha nyumba za upataji nafuu na vituo vya ushauri, ambao huenda wameshawishika kuionyesha filamu hii kwa vijana wao: ionyesheni, kwa kuwa sehemu ya bandeji na wadudu itawagusa kuliko hotuba yoyote, lakini mtu aketi nao baada ya taa kuwashwa awaeleze yaliyofuata, na mkutano wa siku hiyo waalikwe pia wazazi, wasikilizwe wao kwanza.

Msomaji wako,
Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Tanga