Haji, nina shida ya bamba la chuma

Makunduchi, masika yanaondoka

Yakhe Haji,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Bi Mize miguu bado inamsumbua ila mdomo ni ule ule, anauliza ziko wapi karafuu ulizomuahidi. Ya Makame umeshayasikia, mie simo. Basi salamu zitoshe, maana nina shida, na shida yenyewe ni ya chuma, na fundi wa chuma ninayemuamini ndiyo huyo aliyehamia Wete huko Pemba bila ya kuaga vizuri.

Ni ile darubini. Usicheke kwanza.

Stendi yake ina mhimili mmoja ambao lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia, ili mota iifuate mbingu inavyozunguka. Unauinua kadiri ulivyo mbali na ikweta: mtu wa London huuinua nyuzi 51, wa Cape Town 34. Sisi hapa ni nyuzi sita na ushei tu, yaani karibu ulale kifudifudi. Waliotengeneza hawakutufikiria, bwana. Yangu bolti inagota kwenye 15, nikilazimisha chuma kinalia, na jiwe la mizani, lile la kuisawazisha darubini, linagonga mguu wa stendi kila likizunguka. Kwa hiyo mguu wa kaskazini nimeutilia vipande vya tofali. Unaona fedheha hiyo? Kioo cha milimita 130, kamera ya Canon niliyoinunua mkononi kwa mtu, vyote vimesimama juu ya tofali la choo cha shangazi.

Utasema si ufungue tu kamera upige. Haipigiki. Mbingu inakwenda nyuzi moja kila dakika nne, na kwa darubini hii sekunde moja tu bila ya kufuatwa nyota zinakuwa vijiti. Na mie ninachotaka ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali, na galaksi haitaki sekunde, inataka masaa. Mie hupiga picha za sekunde 60, moja baada ya moja, kisha kompyuta inazirundika. Ukirundika 100 chenga, zile punje punje za kwenye picha, zinapungua mara kumi, na hapo ndipo kitu kinaanza kujitokeza. Joto letu nalo linaongeza chenga, usiku wa manane kamera bado ina moto, lakini hilo halina dawa.

Na huo mhimili hata kuuelekeza ni kazi. Nyota ya Kaskazini kwetu haichomozi kabisa. Ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu hata penye giza zuri, na kwa kimo cha nyuzi sita imeshazama kwenye ukungu wa bahari na makuti ya minazi ya kina Mosi. Basi naanza na dira, halafu nachagua nyota iliyo karibu na utosi, naitazama inateleza upande gani, nasukuma stendi kidogo, natazama tena. Inaweza kula saa nzima. Ukimaliza, tofali likititia mchangani kidogo tu, rudi mwanzo. Kusi nalo ndiyo linaanza kuvuma.

Sasa sikiliza ninachotaka. Mabamba mawili ya milimita 6, kila moja sentimita 20 kwa 20, yachomewe kwa pembe ya nyuzi 10: upande mmoja yagusane, upande wa pili yaachane sentimita tatu na nusu. Katikati tundu la bolti, juu na chini. Mbavuni usizibe, spana ipate kupita. Ule upande ulioinuka nitauweka kaskazini, kichwa cha stendi kiinamie kusini. Kumi na tano toa kumi zinabaki tano, hiyo moja na ushei bolti itanimalizia yenyewe. Makame ananambia nichonge mti. Mti gani? Kwa unyevu huu utavimba baada ya wiki, na pembe imekwenda zake. Chuma, Haji, na ukipige rangi ile ya boti.

Haraka yangu ni galaksi moja, Centaurus A. Miezi ambayo inakaa juu usiku mzima, mawingu ya masika yanaifunika. Ukiingia mwezi wa sita ndiyo mbingu inafunguka, na katikati ya mwezi ule saa mbili na robo usiku, watu wametoka isha, iko kileleni kabisa upande wa kusini, juu ya bahari. Nimeshaipata mara moja kwa hilo tofali. Duara la mwanga hafifu na ufito wa vumbi jeusi umelikata katikati. Wataalamu wanasema ni galaksi iliyoimeza nyingine. Nuru yake imetoka huko kiasi cha miaka milioni 12 iliyopita, na imefika uwani kwa shangazi ikakuta kuku. Lakini nyota zote pembeni zimevutika, hata sikuipeleka kwa mtu. Nataka nyingine, safi.

Kinachoniuma ni kwamba kwa mbingu sisi ndio tuliopewa. Novemba saa tatu usiku nasimama hapo uwanjani, galaksi ya Andromeda iko kaskazini karibu nusu ya mbingu, nageuka tu nyuma, Wingu Dogo la Magellan, nalo ni galaksi, hilo hapo kusini. Mtu wa London hilo la pili halioni maisha akibaki kwao, na wa Cape Town ile ya kwanza anaiona imeinama chini. Ustadhi aliniuliza upuuzi huu wa nini, nikamwambia Al-Sufi, yule mtaalamu wa nyota wa Kiajemi, alikiandika kijiwingu cha Andromeda mwaka 964, na hakuwa na lenzi hata moja. Akanyamaza. Sijui kama amekubali au amenihurumia.

Majirani ndiyo mtihani. Wapo walioniuliza kama mwezi umeandama. Wapo waliokuja na jina lao na la mama yao, ati niwapigie falaki. Mmoja alikuja na kuku. Na wavuvi wa dagaa upande wa Kizimkazi wanawasha taa zao usiku wa giza, usiku ule ule ninaoungoja mie, basi tunagombea giza moja. Umeme ukikatika mtaa mzima unalaani, mie natoka mbio na kamera. Lau ningekuwa na kitu hiki ule umeme ulipozimika Unguja miezi mitatu, mwisho wa 2009 mpaka 2010!

Umande nimeushinda lakini. Bi Mize amenishonea ukili ukawa mkeba mrefu, nauvisha mdomoni mwa darubini, na kioo kinabaki kikavu mpaka usiku mkubwa. Mkeba huo ndio pekee hapa uliotengenezwa kwa vipimo vyetu. Na hilo bamba likija litakuwa la pili.

Hebu niambie: chuma huko kinauzwaje, na kazi yako utanitoza au utanionea imani? Unaweza kuimaliza kabla giza la mwezi wa sita? Makame anapanda boti kuja huko, namba yako ni ile ile, umkabidhi yeye? Na ile nyumba ya ami yako kule Kigomasha bado ufunguo unao? Usiku kukoje huko, msitu wa Ngezi unaziba upande gani, hoteli zimewasha mataa mpaka wapi? Maana nikipata bamba nitataka kuja na mizigo yangu yote. Mwaka Kogwa utakuja, au umeshakuwa Mpemba?

Nijibu hata kwa sauti, lakini vipimo nirejeshee kwa maandishi.

Nduguyo,
Mcha