Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlioko Kampala, Bombo, Arua na kwenye makazi ya wakimbizi.

Jambo lililotushughulisha sisi washauri nasaha kuliko yote mwaka huu ni mafunzo ya kumhudumia mteja anayevutiwa na watu wa jinsia yake, au ambaye bado hajielewi katika hilo. Baadhi yenu mliniuliza kwa nini chama kijitie kwenye moto huu. Wateja hawa tunao tayari. Huja wakilalamika kukosa usingizi, ugomvi wa ndoa, ulevi, na wengine wameshachoka kuishi. Wanastahili mshauri anayejua kazi yake.

Nianze na sheria, maana hofu yenu kubwa iko hapo. Sheria ya Kupinga Ushoga ya Uganda ya 2023 imeweka kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, hukumu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito, na kifungo cha hadi miaka 20 kwa kuendeleza ushoga. Kifungu cha 14 kilimtaka mtu anayeshuku kosa atoe taarifa polisi. Kwa mshauri nasaha hilo lilikuwa pigo: utamwambia vipi mteja kwamba siri yake iko salama? Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba, jopo la majaji watano likiongozwa na Naibu Jaji Mkuu Richard Buteera, iliacha sehemu kubwa ya sheria isimame lakini ikakifuta kifungu hicho pamoja na vingine vichache. Wajibu wetu wa kumlinda mtoto anayedhulumiwa haukuguswa, nao hauna mjadala. Kumbukeni pia kwamba Wizara ya Afya, kwa waraka wa Juni 2023, iliwaagiza wahudumu wasimnyime mtu yeyote huduma wala kumbagua.

Kwa hiyo mafunzo yetu yalihusu maadili ya kazi: kusikiliza, kutunza siri, kutomdhuru mteja. Wapo waliofika wakiamini kwamba hali hii ni ugonjwa wa akili unaotibika. Tulieleza kwamba Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990. Juhudi za kumbadilisha mtu hazijathibitika kufanya kazi, na wengi waliopitishwa humo wametoka na sonona na kujichukia. Mshauri asimwahidi mzazi kwamba atamrudishia mtoto "aliyenyooka". Ahadi hiyo ni ya uongo, na atakayeilipia ni kijana.

Zoezi lililotufunza zaidi lilikuwa la kuigiza. Mmoja anakuwa mteja, anasema, "Nina jambo, ila naogopa ukilisikia utanifukuza," kisha ananyamaza. Mwenzake anatakiwa naye avumilie kimya kile. Karibu wote walishindwa mara ya kwanza. Huyu alikimbilia kuuliza kama ameoa, yule akauliza kama anaswali, mwingine akaanza kuandika. Mwanachama mmoja kutoka Bombo, mama wa makamo, aliweka kalamu chini, akasema taratibu, "Sikufukuzi. Sema unapoweza." Chumba kizima kilitulia. Kwangu mimi, hilo ndilo somo lenyewe.

Suala la dini lilizungumzwa waziwazi, na nafurahi. Wengi wetu ni watu wa msikiti na wa kanisa. Hakuna aliyeambiwa aache imani yake. Tulichokubaliana ni kwamba mteja hakuja kuhubiriwa, na mshauri anayeona hawezi ampeleke kwa mwenzake mapema na kwa heshima, kabla mteja hajafungua moyo wake wote.

Jambo ambalo bado linaniumiza ni la wakalimani. Katika makazi kama Nakivale, mteja kutoka Kongo huzungumza Kiswahili, lakini akikutana na mhudumu asiyekijua huitwa mkalimani, na mara nyingi huyo ni jirani yake. Wapo waliotoka nchi ambayo sheria yake haitaji kosa hili, wakajikuta hapa wakifichua maisha yao mbele ya mtu wanayechota naye maji kwenye bomba moja. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna wajibu wa pekee hapa: mteja kama huyo aweze kuzungumza nasi moja kwa moja, bila mtu wa tatu.

Kuhusu daftari la wateja: safu ya "sababu ya kuja" imeondolewa. Tunaandika namba ya mteja na tarehe ya kurudi tu, na orodha ya majina inafungiwa kando. Madaftari ya zamani yaletwe ofisini kabla ya mwisho wa Januari.

Hesabu za mwaka zimekaguliwa, na mhazini atazisoma mwenyewe. Ada haitapanda.

Kwenye mkutano mkuu nitaleta hoja moja: kila mwanachama anayefanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi apitie mafunzo haya kabla ya kupewa mteja mpya, na wakalimani wanaofanya kazi nasi wafunzwe utunzaji wa siri na watie saini kiapo. Naomba mje mmejiandaa kuijadili.

Mwenyekiti