Shuka la viraka la Nuru

Ngamiani, Tanga
Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie huko mlimani, wewe na baba Nuru na Nuru mwenyewe. Huku tu wazima. Kusi imeshaanza kuvuma na majirani wanalalamika baridi. Nikiwaambia nina shoga Lushoto anayeota moto mwezi huu, wananiona muongo.

Lile neno lako kwamba Nuru analisukuma blanketi lake usiku, eti linamwasha, lilinikaa. Sufu juu ya ngozi ya mtoto wa miaka 3, utamlaumu? Basi nimemshonea shuka la viraka, pamba tupu juu na chini, na rangi zake ukilianika uani mtaa mzima utauliza.

Kazi ilikuwa kupata vitambaa, si kushona. Ukipita kwa mafundi siku hizi, chini ya cherehani kumejaa mabaki ya madera, na mengi si pamba hata yapendeze vipi. Yanateleza, pasi ikizidi moto yananywea, na ukimfunika nayo mtoto anatoka jasho. Nikabishana na fundi mmoja mzee wa Barabara ya 12 juu ya kitambaa fulani cha zambarau, nikimwambia hii pamba. Hakunijibu. Alichomoa uzi wa kile kitambaa na uzi wa kanga, akaviwashia kibiriti. Wa kanga uliungua ukaacha jivu laini, ukiligusa linapotea. Wa zambarau ulijikunyata, ukawa kijishanga cheusi, kigumu, kinanuka. Nikaondoka na mfuko wa mabaki ya kanga na vitenge tu.

Halafu nikaenda kwa mamako. Nilipomwomba kipande cha kanga yake moja alinitazama kama nimemwomba jino. Akafungua sanduku, akakunjua moja, akairudisha, akakunjua nyingine, akairudisha, mwisho akanitupia kisutu chake cha harusi. "Kata pembeni," akasema, "katikati baba Mwanaidi alishakimaliza kwa kufutia pikipiki." Kwa hiyo vile vipande vyekundu vyenye nyeusi na nyeupe kwenye pembe 4 ndivyo hivyo. Pikipiki sikuitia.

Kila kitu nilikifua kabla ya kukata. Kanga mpya hupungua ikifuliwa, na ukiishona na iliyokwisha kupungua, shuka likipata maji linajivuta huku na huku. Nyekundu niliiloweka peke yake, nikamwaga na kubadilisha mpaka maji yakatoka safi.

Nilikata miraba ya inchi 6 kwa kufuatisha kipande cha boksi, kila mshono ukala robo inchi kila upande. Miraba 7 kwenda, 9 kushuka, jumla 63, na shuka limekuja inchi 38 na nusu kwa 49 na nusu. Linamtosha kitandani na halimshindi kulibeba. Kabla ya kushona nilivitandaza vyote mkekani nikavipanga: njano isigusane na njano, kitenge kizito kisirundikane upande mmoja. Waridi nimeweka kidogo tu. Hii tabia ya kumvika mtoto wa kike waridi toka utosini hadi kisigino mimi siipendi, na wewe unajua.

Kuna kitambaa kimoja cha bluu chenye korosho za rangi ya machungwa, utakiona, Nuru atakipenda. Jina lake lilikuwa "Hasidi hana sababu". Mtoto huyu hasidi wake ni paka tu, nikakata korosho, jina nikaliacha kwenye mabaki.

Mishono ya safu ya kwanza nimeilaza kulia, ya pili kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho, ili safu zikikutana pasiwe na kinundu. Katikati kuna blanketi jepesi la pamba nililolipata mitumba. Watu walinishauri sufi, lakini sufi ikilowa hujikusanya pembeni, na hili litafuliwa sana. Nyuma ni kanga nzima, "Nani kama mama", na jina lake limebaki wazi lote. Nusu ya pili ya doti nimeikunja humo humo, ni yako. Nilipiga bandi matabaka yote matatu kwanza, kisha nikapitisha cherehani kuanzia katikati kwenda nje; ukianzia pembeni kitambaa hujaa katikati kikafanya mapindo. Vifungo sikuweka hata kimoja. Mtu alitaka nimtilie samaki wenye macho ya vifungo, lakini kifungo hunyofoka, na mdomo wa Nuru unaujua.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakujua. Usilitie sandukuni. Usiseme litangoja wageni, wala Idi. Mwache alale nalo, aliburute, alifanye hema chini ya meza, amwage uji. Beseni, sabuni ya kawaida, maji ya baridi, ulianike kivulini rangi zisipauke. Mshono ukiachia, usiushone kwa uzi wowote unaoukuta, nirudishie nitengeneze. Mabaki ninayo ya kutosha.

Linakuja Jumamosi na basi la asubuhi, ndani ya kikapu, jina lako juu kwa kalamu nyekundu. Nitakupigia likishatoka ili usikae stendi bure, maana linasimama Muheza, linasimama Korogwe, na pale Mombo abiria wote wanashuka kula. Kikapu nakitaka, si changu, ni cha mamako. Kikirudi na njegere na karoti za huko sitakasirika.

Mbusu Nuru.

Wako,
Mamdogo wake