Kombaini za zamani zirekebishwe kabla ya kuingia mashamba ya soya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye kombaini za kukodisha katika Nyanda za Juu Kusini, hasa wanaohudumia wakulima wa soya wa Ruvuma, Njombe na Mbeya. China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania mwaka 2020, lakini hadi leo tunamwaga sehemu ya zao hilo shambani kwa sababu mashine nyingi huletwa zikiwa bado zimetegeshwa kwa ajili ya mpunga au ngano.

Umri wa mashine haunisumbui, kwa maana kombaini kuukuu iliyotunzwa huvuna soya vizuri. Hasara kubwa hutokea mbele, kwenye visu. Maganda ya chini ya soya huota sentimita chache tu kutoka ardhini, hivyo visu vikipita juu kama katika ngano, maganda hayo hubaki kwenye visiki na punje zake ndani. Visu butu navyo hutikisa shina badala ya kulikata, na ganda kavu hupasuka kabla halijaingia mashineni. Kubadilisha vipande vilivyolika, kunyoosha vidole vya chuma vinavyokinga kisu vilivyopinda na kurekebisha vibano ili kisu kisicheze ni kazi anayoiweza fundi yeyote mzuri wa matrekta. Dereva naye asizidishe kilomita 5 kwa saa, hata kama foleni ya wateja ni ndefu.

Ngoma ya kupura ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Ngano inaweza kuhitaji mizunguko inayokaribia 1,000 kwa dakika, ilhali soya iliyokauka kwa kawaida hutosheka na 400 hadi 600, kutegemea kipenyo cha ngoma. Kasi ya ngano hupasua soya, na mkulima aliyekusudia kuhifadhi mbegu hubaki na punje zisizoota, hata zile zinazoonekana nzima kwa macho. Feni ya kupeperusha makapi, kinyume chake, haina haja ya kupunguzwa, kwa kuwa soya ni nzito na haipeperuki ovyo.

Beringi zikaguliwe na kupakwa grisi, na vumbi lifutwe kwenye injini kila siku, maana makapi makavu ya soya hushika moto upesi.

Napendekeza pia kwamba, baada ya mita 50 za kwanza, mashine isimame, na mkulima na dereva wapime mraba wa mita 1 nyuma yake na kuhesabu punje zilizoanguka. Kwa punje za ukubwa wa kawaida, 40 katika mraba huo ni sawa na takriban kilo 25 kwa ekari. Zikifika hapo au kuzidi, mashine irekebishwe papo hapo kabla ya kuendelea, na sharti hilo liandikwe katika makubaliano ya kukodisha.

Mkulima wa soya,
Songea